Matoleo ya Kwanza Saba kwa Wiki Moja: Shujaa Akiporwa, Anabaki na Nini?

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni tena. Hapa mezani nina komiki saba, zote toleo la kwanza, na wiki hii nimesoma moja kila siku, ya saba nimeimaliza jana usiku. Nne ni za kampuni ya Marvel, kwenye ule ulimwengu wao wa Ultimate ulioanza upya. Tatu ni za kampuni ya DC, kwenye ulimwengu unaoitwa Absolute. Zote saba zilitoka mwaka 2024, na nimezichagua kwa sababu moja: mtu ambaye hajawahi kufungua komiki ya Batman maishani anaweza kuanza na hizi leo hii. Batman yupo tangu 1939, Superman tangu 1938. Ukimwambia mgeni aanzie huko nyuma, umemfukuza. Hizi saba hazimdai mtu ajue chochote.

Lakini nilipofika siku ya tatu niliona kitu, na ndicho nitakachokizungumzia leo. Karibu waandishi wote hawa wamefanya jambo lilelile. Wamemchukua shujaa tunayemfahamu, wakampora kile tulichodhani ndicho kinachomfanya awe yeye. Mali, nyumbani, wazazi, hata ajali iliyompa nguvu. Halafu wanatuuliza: haya, bado ni yeye? Komiki zilizonishika wiki hii ni zile zilizojibu swali hilo kwa dhati.

Tuanze na Absolute Batman. Ameiandika Scott Snyder, ameichora Nick Dragotta, rangi za Frank Martin. Ilitoka Oktoba 2024.

Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, humu hana urithi wowote. Hana jumba, hana kampuni, hana pango lililojaa mitambo. Baba yake, Thomas, alikuwa mwalimu, akauawa kwa risasi kwenye bustani ya wanyama alikowapeleka wanafunzi matembezini. Na mama yake, Martha, yu hai. Hapo naomba tutulie kidogo, kwa sababu wengi wanazungumzia ule umaskini tu, wanasahau huyu mama. Batman wa siku zote ni yatima. Akiingia kwenye moto usiku, hakuna mzazi anayekaa macho akimsubiri arudi. Huyu anaye. Kila anapovaa lile vazi, kuna mtu mjini anayeweza kumzika mwanawe baada ya kumzika mumewe. Jambo hilo limebadilisha uzito wa kila ukurasa kwangu, na Snyder hakulihubiri hata kidogo, ameliweka tu pale.

Halafu kuna Alfred. Tumezoea Alfred mtunza nyumba, mzee anayeleta chai na kushona vidonda. Hapa Alfred ni jasusi wa Uingereza aliyetumwa Gotham, mji wa Batman, kikazi, na yeye ndiye msimulizi. Kwa hiyo mara ya kwanza tunamwona Batman kwa macho ya mtu asiyempenda wala kumchukia, mtu mwenye uzoefu anayempima: huyu kajifunza wapi, ana uzito gani, atakufa lini. Ni njia nzuri sana ya kumtambulisha mtu ambaye dunia nzima inamjua.

Sasa tazameni hili vazi. Nasogeza kwenye kamera. Mnaiona hiyo nembo ya popo kifuani? Ni pana, imejaa kifua chote, kama bamba la chuma. Siku zote nembo ile ni alama tu. Hapa anaing'oa kifuani, inakuwa kichwa cha shoka. Na yale masikio mawili marefu ni visu. Yaani mtu asiye na pesa za kununua gari la kivita amejigeuza mwenyewe kuwa sanduku la zana. Fikra ya fundi, ya mtu aliyesomea kujenga. Dragotta amemchora mkubwa kupita kiasi, mabega yake yanatoka nje ya fremu, na sikuona kama ni mbwembwe, kwa sababu mwili ndiyo mali pekee aliyo nayo.

Kasoro ninayo. Genge la wahuni waliovaa vinyago, wanaitwa Party Animals, limechukua nafasi kubwa, na kuna kurasa zenye fremu ndogondogo nyingi mno hadi jicho linachoka. Nilirudia ukurasa mmoja mara tatu nijue nani kampiga nani. Lakini nimeinunua hadithi hii moja kwa moja. Na mkishajua kwamba marafiki zake wa utotoni ni Waylon Jones, Oswald Cobblepot, Harvey Dent na Edward Nygma, watu ambao kwenye hadithi za zamani ni maadui zake wakubwa, mtaelewa kwa nini nina hofu na matoleo yanayokuja. Hawa ni rafiki zake wa kweli. Sitaki wageuke.

Absolute Superman nitaipitia kwa haraka zaidi. Mwandishi ni Jason Aaron, mchoraji Rafa Sandoval, ilitoka Novemba 2024. Superman wa kawaida alifika duniani akiwa mtoto mchanga, akalelewa shambani na wazee wawili wema, kina Kent. Huyu hakuwa na bahati hiyo. Alikulia Krypton, sayari alikozaliwa, anaikumbuka, na wazazi wake huko walikuwa wa tabaka la wafanyakazi. Ile herufi ya S kifuani, ambayo tumeambiwa miaka yote ni alama ya ukoo mtukufu, humu ni alama ya watu wa kazi za mikono. Na tunapomkuta duniani yumo mgodini, Brazili, katikati ya wachimbaji wanaonyonywa na kampuni inayoitwa Lazarus.

Kuna watu wamelalamika kwamba huyu si Superman wao. Nawaelewa, lakini nawaomba warudi mwanzo kabisa. Mwaka 1938, Jerry Siegel na Joe Shuster walipokuwa ndio kwanza wanamuumba, toleo la tatu tu la Action Comics lilimpeleka Superman kwenye mgodi hatari, akamfungia mwenye mgodi humo ndani pamoja na wageni wake wa karamu ili aonje wanachokionja wafanyakazi wake. Kwa hiyo Aaron hakuzua. Amechimba chini akaukuta mzizi.

Kilichonipunguzia raha ni Lois Lane, yule mwandishi wa habari wa siku zote. Amefanywa mtumishi wa Lazarus, mwenye silaha, mtu wa kutii amri. Najua wanampeleka mahali fulani, lakini Lois bila kalamu na bila ule udadisi wake amenipoa mikononi. Hili joho, hata hivyo, tazameni. Si kitambaa. Ni vumbi jekundu linaloelea nyuma yake, linakusanyika na kutawanyika. Picha nzuri mno.

Haya. Sasa hii hapa. Hii ndiyo iliyonifanya nirekodi video leo badala ya kusubiri.

Absolute Wonder Woman. Kelly Thompson kaandika, Hayden Sherman kachora, rangi ni za Jordie Bellaire. Ilitoka Oktoba 2024, na mwaka uliofuata ilitwaa tuzo ya Eisner, tuzo kubwa ya komiki, ya mfululizo mpya bora. Niliisoma siku ya tatu usiku, na siku ya nne asubuhi nikaisoma tena kabla sijagusa kitu kingine.

Mnajua Diana, yaani Wonder Woman, wa kawaida: binti malkia, amelelewa kwenye kisiwa kizuri kilichojaa wanawake mashujaa, mama zake na dada zake, mafunzo na upendo tele. Thompson amemnyang'anya kisiwa chote. Diana huyu ni Amazoni wa mwisho, na akiwa bado mtoto mchanga anapelekwa kuzimu, anakabidhiwa kwa Circe, mchawi ambaye kwenye hadithi nyingi ndiye adui yake. Circe hakumwomba huyo mtoto. Hamtaki. Na miungu imeweka marufuku: neno lenyewe, Amazoni, lisitamkwe. Mtoto akue asijue yeye ni wa watu gani.

Ninyi mliowahi kulea, au mliolelewa na mtu asiyekuzaeni, hebu fikirieni hilo. Mtu mwenye kinyongo na dunia nzima anaangushiwa kichanga mapajani. Na kichanga chenyewe hakijui kwamba pale ni kuzimu. Kwake pale ni nyumbani. Yale majitu, mifupa ile, moto ule, ndivyo vitu vya kwanza alivyoviona tangu afumbue macho, kwa hiyo anavichekea. Unaona uso wa Circe ukibadilika polepole kutoka ukurasa hadi ukurasa, hakuna hotuba, hakuna machozi ya kulazimisha. Mimi nilifika mahali nikakiweka kitabu chini.

Na hapa ndipo swali langu la wiki limejibiwa kuliko kwingine kote. Ukimpora Wonder Woman kisiwa, mama, dada zake, hata jina la kabila lake, anabaki na nini? Anabaki na huruma. Thompson anasema huruma ya Diana haikuwa zawadi ya kisiwa kizuri. Ilikuwamo ndani yake, na ikakutana na mwanamke aliyekubali kumlea hata pasipo kutaka. Wala hajalainika kwa hilo! Anashuka mjini amepanda farasi wa mabawa ambaye ni mifupa mitupu, mkononi ana upanga mrefu kuliko yeye mwenyewe, watu wanakimbia wakidhani yeye ndiye janga. Kumbe amekuja kuwaokoa.

Sherman ninampa heshima zake. Nafungua hizi kurasa mbili zilizounganishwa muone. Fremu hazikai kwenye mistari ya kawaida kama madirisha ya nyumba, zinafuata mwendo wa tukio, jicho lako linavutwa kama linashuka ngazi. Mtu wa kwanza kuisoma komiki anaweza kuhisi amepotea kidogo, lakini ukifuata maneno, njia ipo.

Na kwa sababu nimezitaja kurasa mbili, niseme jambo. Kama mnasomea kwenye simu, zimeni ile hali inayokuonyesha fremu mojamoja. Nilijaribu nakala ya kidijitali ya hii hii, programu ikanikatia ule ukurasa mkubwa vipande sita, farasi kichwa huku, mabawa kule. Nilikasirika kweli. Mchoraji amehangaika siku kadhaa kupanga jicho lako lianzie wapi na litue wapi, halafu programu inakuja kukata kama nyama buchani. Geuzeni simu ilale, someni ukurasa mzima, kuzeni kwa vidole pale maneno yanapokuwa madogo. Ni usumbufu, ndiyo, lakini mtaiona kazi kama ilivyokusudiwa.

Tuhamie Marvel. Kwanza mlango wa kuingilia: kwenye ulimwengu huu mpya wa Ultimate kuna mtu anaitwa The Maker. Ni Reed Richards wa ulimwengu mwingine, yule aliyeoza moyo. Alikuja akaipanga dunia hii apendavyo kwa kuhakikisha mashujaa hawapatikani. Aliyetakiwa kung'atwa na buibui hakung'atwa. Basi, hiyo inatosha.

Ultimate Spider-Man, Januari 2024, Jonathan Hickman na Marco Checchetto. Peter Parker ana umri wa miaka thelathini na kitu. Ana ndevu. Amemuoa Mary Jane, wana watoto wawili, Richard na May. Anafanya kazi kwenye gazeti la Daily Bugle. Mjomba Ben, ambaye kifo chake ndicho kilichomfanya Spider-Man awe Spider-Man, yupo, mzima, anafanya kazi kwenye gazeti hilohilo na ni rafiki wa J. Jonah Jameson. Aliyekufa ni shangazi May.

Nilidhani nitachoka. Karibu hakuna ngumi humu. Ni watu wanaongea: mezani, ofisini, nyumbani usiku watoto wamelala. Na nimekaa nacho kutoka jalada hadi jalada bila kuinua kichwa. Peter ana kila kitu ambacho Peter wa zamani alikikosa, na bado anahisi kuna kitu kimepungua maishani mwake, hakijui ni nini, anaona aibu kukisema kwa sababu mke anampenda na watoto wazima. Mtu mzima yeyote anaijua hali hiyo. Checchetto anaichora kwa nyuso tu, jinsi Peter anavyotabasamu mdomo ukicheka na macho yakibaki mahali pengine.

Halafu inakuja zamu ambayo ndiyo fahari ya toleo hili. Mwaka 1962, Stan Lee na Steve Ditko walimpa Peter ajali: kijana kasimama, buibui kashuka, kamng'ata, basi. Hickman anampa uamuzi. Tony Stark, kijana anayejaribu kurekebisha alichoharibu The Maker, anamletea ujumbe kwamba kuna maisha aliyoibiwa, na anamletea na buibui mwenyewe. Achague. Ana mke, ana watoto, ana kazi, ana mjomba aliye hai. Akifungua, hajui kitakachofuata. Kijana wa miaka kumi na mitano hana cha kupoteza kama hicho, na ndiyo maana huu uamuzi umenigonga kuliko ile ajali ilivyowahi kunigonga. Sitawaambia ukurasa wa mwisho ulivyo, ingawa mnaweza kuukisia. Kuukisia hakupunguzi kitu.

Ultimate Black Panther, Februari 2024, Bryan Hill na Stefano Caselli. Nilikuwa naisubiri kwa hamu kuliko zote, na ndiyo iliyoniacha njaa. Niwe mkweli kwenu. Michoro ni safi, Caselli anajua kuchora mavazi na majengo, Wakanda, lile taifa la kubuni la Afrika, inang'aa. Wazo ni kubwa pia: bara la Afrika linanyemelewa na Khonshu na Ra, wawili wenye majina ya miungu ya Misri ya kale, na T'Challa, ambaye ndiye Black Panther na mume wa Okoye, inabidi aamue kama Wakanda itaendelea kujificha. Tatizo ni kwamba T'Challa hajaporwa kitu. Bado ni wa ukoo wa kifalme, bado ana vazi, bado ana taifa tajiri lenye siri zake. Msiba wa baba yake, T'Chaka, umo kwenye hadithi yake tangu Lee na Jack Kirby walipomuumba mwaka 1966, kwa hiyo huo si mzigo mpya. Wenzake wote wamevuliwa nguo, yeye amebaki na joho.

Na Afrika yenyewe iko wapi? Nimeona ramani, nimeona majeshi, nimesikia watu wakisema bara liko hatarini. Sijaona mtu mmoja wa kawaida anayeishi kwenye hilo bara, mwenye jina, mwenye la kusema. Wanaoogopa vita ni nani? Wanaongea nini jioni? Kwenye Spider-Man nimepewa meza ya chakula, kwenye Superman nimepewa wachimba migodi. Hapa nimepewa kikao cha baraza. Nitasoma matoleo mawili mengine kwa sababu wahusika wawili, Storm na Killmonger, wanakuja wakiwa pamoja, na hao wawili nina imani nao. Lakini kwa toleo la kwanza, hapana, halijanifikisha.

Ultimate X-Men, Machi 2024. Peach Momoko, mwandishi na mchoraji ni yeye mmoja. Kama mnatafuta shule ya Profesa Xavier, ndege ya kivita na timu yenye sare, msinunue, mtajilaumu. Tuko Japani, na msichana mwanafunzi, Hisako Ichiki, amefiwa na rafiki yake wa karibu na anaandamwa na kivuli. Ni hadithi ya kutisha, ya chini kwa chini. Imechorwa kwa rangi za maji, na ukiisogeza karibu unaona pale rangi ilipotambaa kwenye karatasi na kuacha ukingo. Kivuli kilichochorwa kwa wino mkali ungekijua mwisho wake. Hiki hakina mwisho, kimeyeyukia kwenye ukuta wa chumba chake, ndiyo maana kinatisha. Maneno ni machache. Niliimaliza upesi nikabaki naitazama tu.

Ya mwisho, The Ultimates, Juni 2024, Deniz Camp na Juan Frigeri. Tony Stark kijana amewapelekea watu mbalimbali duniani masanduku yenye nguvu walizoibiwa, na si wote waliopokea vizuri. Wengine wamekufa, na kijana huyu anabeba hesabu hiyo. Hank Pym na Janet ni mke na mume wenye biashara ya kuua wadudu majumbani, na mgeni anawagongea mlango kuwaambia walipaswa kuwa mashujaa. Nimependa sana heshima aliyowapa Camp. Hawachekwi kwa kazi yao. Ninachoona ni kwamba toleo hili limebeba watu wengi mno kwa kurasa chache, kwa hiyo ukilisoma peke yake utaona ni utangulizi. Msiliache. Fikeni la nne, lile la mhusika aitwaye Doom, ambapo kila ukurasa unasimulia nyakati nne za maisha yake kwa pamoja, kila wakati na mstari wake. Na kumbukeni mfululizo huu ulipokuwa unatoka ulikwenda na kalenda: mwezi ukipita kwa wasomaji, mwezi umepita na kwao, huku wakihesabu siku za The Maker kurudi. Ukiwasoma kwa mwendo huo unaanza kuwaogopea.

Walioniuliza waanze na ipi: kama unapenda vitu vya nyumbani na familia, Spider-Man. Kama unataka kushikwa koo tangu ukurasa wa kwanza, Batman. Ukiniambia nikupe moja tu na nisikuulize chochote, nakupa Wonder Woman, na nakuomba uisome usiku simu ikiwa mbali.

Niandikieni hapo chini mlipofika na kama kuna mtu aliyeiona Afrika ya Black Panther tofauti na nilivyoiona mimi, anieleze ukurasa gani, nitaurudia kwa moyo mweupe. Mimi nina toleo la pili la Wonder Woman hapa mkono wa kulia, halijafunguliwa tangu asubuhi. Nazima kamera sasa hivi.